Huduma kwa wagonjwa isiwe ya wiki moja

Mhariri,

Mtu akiugua, wiki ya kwanza kanisa humjia kwa kundi: wanaimba, wanaomba, wanaaga. Wiki ya tatu haonekani mtu, na hapo ndipo anayemuuguza huwa hoi. Kosa letu ni kuachia huduma msukumo wa moyo badala ya zamu. Katika Matendo 6, wajane waliposahaulika kwenye mgawo wa kila siku, mitume waliagiza wachaguliwe watu 7 wa kuisimamia kazi hiyo.

Basi tupangwe wawili wawili, kila jozi na siku yake. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, asije akapata vidonda vya mgongo na nyonga. Anayefanya hivyo usiku kucha anahitaji usingizi wa mchana kuliko wimbo! Mmoja akae na mgonjwa, mwenzake afue mashuka.

Na tafadhali, tusiulize, "Mnahitaji nini?" Aliyechoka hujibu, "Tunashukuru, hatujambo." Tuseme, "Jumanne saa nane nakuja kukaa naye, wewe ulale." Kisha twende, saa nane ileile.

Ni sisi,
Wahudumu wa wagonjwa majumbani