Usitie sahihi kwanza, shoga yangu

Columbus, Ohio

Kwa shoga yangu Mama Salma,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, ila baridi ndiyo inayotuadhibu, na Feisal sasa ananipita urefu. Ujumbe wako wa sauti kuhusu madeni yako ya kadi za mkopo niliusikiliza ndani ya basi nikitoka shifti ya usiku, nikausikiliza tena nilipofika nyumbani. Nimeona bora nikuandikie, maana tukipigiana simu sisi wawili tutaishia kucheka au kulia, na mambo haya yana hesabu.

Nianze na la haraka. Ile kampuni uliyoisikia redioni, inayosema italikata deni lako nusu, usiitilie sahihi. Najua maneno yao yanavyoingia moyoni mtu akiwa amebanwa. Kazi yao ni hivi: wanakwambia uache kabisa kuzilipa kadi, pesa uziweke kwenye akaunti maalumu, mpaka benki zichoke na kukubali kidogo. Hakuna benki inayolazimika kukubali. Huku unangoja, riba na faini zinapanda, alama zako za mkopo, zile zinazoonyesha unavyoaminika kukopeshwa, zinaporomoka, na benki ikitaka inakushtaki. Ikishinda kesi, mshahara wako unaweza kukatwa kabla hujauona. Wenyewe hao hutoza mara nyingi asilimia 15 hadi 25 ya deni uliloingia nalo. Na ukisamehewa dola 600 au zaidi, watu wa kodi wanaweza kuzihesabu kama kipato chako, utoe kodi kwa pesa ambazo hukuzishika. Kampuni hizi zinazovua wateja kwa simu zilikatazwa na serikali kuu mwaka 2010 kudai ada kabla ya kumaliza hata deni moja, kwa hiyo wa redioni akikuomba cha kuanzia, umeshamjua ni nani.

Mimi nilikwenda kwa mshauri wa madeni, wale wa mashirika yasiyo ya faida. Unauliza nilimpata wapi. Chukua stetimenti ya kadi yoyote, tafuta kile kisanduku cha malipo ya chini. Sheria ya kadi ya mwaka 2009 inailazimisha benki ikuandikie itakuchukua muda gani kumaliza deni ukilipa kiasi cha chini tu, na hapo hapo iweke namba ya simu ya bure ya kupata ushauri. Tunayo miaka yote mkononi, tunatazama kiasi cha kulipa, tunatupa karatasi. Au tafuta shirika lililo chini ya NFCC, mwavuli wa washauri hawa tangu 1951. Kikao cha kwanza hakikugharimu kitu, ilikuwa kama saa nzima kwenye simu.

Aliniuliza yote: mshahara, kodi ya nyumba, gari, chakula, bima. Akafika kwenye pesa za nyumbani. Nilishajiandaa kugombana naye, maana Wamarekani wengi ukiwaambia unamlipia karo mtoto wa dada yako wanakutazama kama mtu aliyeibiwa. Yeye aliuliza tu: unatuma kiasi gani, na ni kila mwezi au ni kila simu inapolia? Hapo nikakwama, wallahi. Dawa za mama za presha na karo nazijua. Lakini harusi, matanga, paa la msikiti, mchango wa kusafirisha maiti, na yale magrupu ya WhatsApp ambayo jina lako likikosekana kwenye orodha unaonekana umekuwa Mzungu? Hizo hazikuwa na mstari popote, zilikuwa zinatoka kwenye kadi.

Hakuniambia niache kutuma. Aliziandika kwenye bajeti kama anavyoandika umeme: dola 200 kwa mwezi, zaidi ya hapo hakuna. La kuzigawa nililiwaza mwenyewe. Nazituma zote kwa kaka kwa M-Pesa, na mwenye shida amwendee yeye. Mwanzoni kaka alinuna. Sasa anakipenda cheo, anawahoji watu kuliko afisa wa benki.

Sasa hesabu. Nilikuwa na dola 14,000 kwenye kadi nne, riba kama asilimia 24. Ina maana riba peke yake ni dola 280 kwa mwezi. Nilikuwa nalipa 420, nikidhani napunguza deni, kumbe zinazoligusa deni lenyewe ni 140 tu. Shirika likazungumza na benki, riba ikashuka mpaka asilimia 8. Sasa nalipa 342 na ada ya shirika 35, natuma mara moja kwa mwezi na wao wanazigawia benki. Ni chini ya nilivyokuwa nikitoa, na mwisho wake unajulikana, miaka minne. Deni sikusamehewa hata senti, nalilipa lote.

Kuna masharti yanayouma. Kadi zote zilizoingia kwenye mpango huu wa malipo zimefungwa, na mpya huombi. Ukikosa kulipa, benki inaweza kukurudishia riba ya zamani. Na mkopo wako wa shule ya uuguzi hauingii humu, wala wa gari, hiyo ina njia zake.

Jambo jingine nikwambie, sisi ambao nyumba hatukununua kwa kuiogopa riba, kadi tumeilisha riba kila mwezi bila kuuliza fatwa. Ukimuuliza sheikh wako hapo Minneapolis atakujibu vizuri kuliko mimi, lakini mimi hilo peke yake lilinitoa kitandani nikapiga ile simu.

Hao wakusanya madeni wanaokuamsha: sheria hairuhusu wakupigie kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa tatu usiku. Wakishakutumia barua una siku 30 za kulipinga deni kwa maandishi na kudai walithibitishe. Waambie pia kwamba kazini huruhusiwi simu zao, wakishajua hivyo hawana haki ya kupiga huko. Usimpe yeyote namba ya akaunti kwenye simu, hata akilia.

Kuhusu Baba Salma na zile kadi mbili asizozijua, sikuamulii. Ziko kwa jina lako peke yako, mshauri hatampigia yeye. Ila pesa zitatoka kila mwezi kwenye akaunti mnayoitumia nyote, na macho anayo. Mimi ningemwambia siku ya mapumziko, akishakula, watoto wakiwa nje.

Jumapili nina ofu. Zitoe stetimenti zote, na zile ambazo bahasha hujazifungua pia, uandike kila kadi ina deni gani na riba gani, na hati za mshahara za miezi miwili uziweke karibu. Nipigie baada ya adhuhuri tuzipitie, halafu Jumatatu upige ile namba. Kama watu wa redioni wameshakutumia makaratasi, nipigie picha kila ukurasa kabla hujajibu chochote.

Nisalimie Salma na wadogo zake. Mwambie Salma kwamba Feisal bado anamdai ule mpira.

Wako,
Mama Feisal