Kikanisa cha Mai Mahiu kipimwe kabla tingatinga hazijafika

Mhariri,

Kila msimu wa ziara za shule, mabasi hushuka mteremko wa Mai Mahiu, yakasimama dakika kumi, watoto wakapigwa picha mbele ya kikanisa cha Waitaliano, kisha safari ya Naivasha au Narok ikaendelea. Wengi huondoka wakidhani wameona jengo dogo la kupendeza. Kumbe wameona mojawapo ya mabaki machache ya maisha ya mateka wa Vita vya Pili vya Dunia yaliyosalia nchini. Kwa kuwa barabara hiyo ya Rironi hadi Naivasha imepangiwa upanuzi, tunaomba nafasi tueleze jinsi ya kuyazuru mabaki haya na jinsi ya kuyanusuru.

Italia iliingia vitani Juni 10, 1940. Gondar iliposalimu amri mwishoni mwa Novemba 1941, jeshi lake la Ethiopia, Eritrea na Somalia lilikuwa limekwisha. Makumi ya maelfu ya wanajeshi hao wakaletwa Kenya na kuwekwa katika kambi za Naivasha, Gilgil, Londiani, Eldoret, Nanyuki na kwingineko. Anayekwenda leo kutafuta mabanda na seng'enge atarudi mikono mitupu, kwani kambi hazikujengwa zidumu. Mbao na bati ni mali. Zikishang'olewa, kiwanja hugeuka shamba. Kilichodumu ni kile mateka walichokijenga nje ya ua: barabara ya mteremko, na kikanisa walichokijengea pembeni mwaka 1942.

Kwa hiyo Nanyuki usitafute kambi, tazama juu. Kutoka Kambi namba 354, Januari 1943, Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka wakapande Mlima Kenya. Kamba walisokota kwa katani za vitanda vya kambini, na kwa ramani walitegemea picha ya mlima iliyokuwa kwenye lebo ya mkebe wa nyama. Wawili walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Mwalimu akiwasimulia wanafunzi hayo asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika mlima, hawatahitaji kuona banda.

Nyeri kuna kituo kikubwa zaidi: kanisa la kumbukumbu ya Waitaliano huko Mathari, lililofunguliwa 1952. Ndani yake imehifadhiwa mifupa ya watu 676, majina yakiwa ukutani safu kwa safu. Pamoja nao amezikwa Amedeo, Duke wa Aosta (cheo cha ukoo wa kifalme wa Italia), aliyekuwa gavana mkuu wa makoloni yao ya Afrika Mashariki na aliyefariki Nairobi Machi 3, 1942 akiwa bado mateka, umri miaka 43. Toa taarifa kabla ya kwenda, maana mwenye ufunguo huenda yuko mbali. Mpe kila mwanafunzi jina moja alinakili. Darasa linalopita haraka halikumbuki lolote. Kisha waulizwe ni nani waliowashinda Waitaliano hawa. Ni askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), pamoja na wenzao wa Nigeria, Gold Coast (Ghana ya leo), India na Afrika Kusini. Ziara isiyowataja hao ni nusu ya ziara.

Sasa Mai Mahiu. Ukipanda matatu, mwambie makanga mapema kwamba unashukia kanisa la Waitaliano, karibu na mwisho wa mteremko kabla ya kufika mjini. Usingoje ulione kwanza, kwa sababu dereva hawezi kusimama ghafla huku lori la Uganda likiwa nyuma yake. Basi la shule lishuke kwa gia nzito tangu juu, kwani breki zilizopata joto huacha kushika. Fika kuanzia saa nne asubuhi, ukungu ukishaondoka, na uepuke Machi hadi Mei, mvua inapoangusha mawe kutoka kwenye kingo. Watoto washuke upande usio wa magari. Waingie kumi kwa zamu, maana zaidi ya watu kumi na wawili hivi ni msongamano. Mikono isiguse kuta zenye rangi: jasho na mafuta ya viganja huacha alama isiyofutika bila kuitoa rangi yenyewe. Na hili ni kanisa. Ukikuta mtu anasali, ngoja nje.

Linalotutia hofu ni mashine. Kikanisa kilichojengwa miaka zaidi ya themanini iliyopita hakikukadiriwa mtetemo wa mashine nzito ya kushindilia barabara umbali wa hatua chache. Dawa yake inajulikana na ni rahisi. Kabla ya kazi kuanza, kila ufa upigwe picha na kuandikwa urefu wake. Kisha kipande chembamba cha kioo kibandikwe kwa plasta juu ya ufa, kukiwa na tarehe. Kioo kikipasuka, ukuta umesogea, na kazi ya karibu isimame siku hiyo hiyo. Eneo la jirani lishindiliwe kwa roli isiyotetema. Mitaro ya barabara mpya isielekezwe kwenye msingi. Udongo wa pale ukilowa hushuka, na ukuta hufuata. Ufa ukitokea, usizibwe kwa saruji ngumu. Saruji hiyo hufungia unyevu ndani, chumvi nyeupe ikajitokeza juu ya rangi, na baada ya misimu michache plasta hubanduka vipande vipande. Fundi atumie chokaa.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inaruhusu jengo la kihistoria kutangazwa kumbukumbu ya taifa (national monument) katika gazeti rasmi la serikali, na ripoti ya athari kwa mazingira inapaswa kutangulia mradi wowote wa barabara kuu. Tunaomba ripoti hiyo ikitaje kikanisa kwa jina, ioneshe kwenye ramani umbali kutoka ukutani hadi ukingo wa barabara mpya, na iseme ni nani atakayevikagua vile vioo kila wiki.

Waelekezi wa ziara za historia,
Naivasha