Barua kwa mwanangu: Mkija Shela, fuateni maji

Lamu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, na babako anakusalimu. Nimefurahi kusikia kwamba mwezi wa Agosti utakuja na wenzako wa chuoni ambao hawajapata kuiona Lamu, na kwamba hamu yao kubwa ni ufuo wa Shela. Karibuni sana. Ratiba uliyoniandikia, hata hivyo, umeipanga kwa saa za Nairobi: asubuhi kuogelea, adhuhuri magofu ya Takwa, jioni kurudi mjini kwa miguu, na kila siku vivyo hivyo. Bahari haitawangojea. Nakuomba uipange upya kwa kufuata maji.

Ulipelekwa bweni ungali mdogo, kwa hiyo niwie radhi nikikukumbusha mambo ambayo binamu zako wanayajua bila kuambiwa. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huku kwetu hujaa mnamo saa kumi alasiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50, hata likiisha juma moja mambo yamegeuka, asubuhi maji yako juu na alasiri yako chini. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi, tazama mwezi.

Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita 3. Maji yakipwa mtatembea pwani kwa raha, lakini yakijaa njia humezwa mahali mahali, na hapo itawabidi mpande mashua. Ufuo wenyewe una urefu wa kilomita 12 hivi, na usiwaahidi wageni kwamba wataumaliza, maana ukishaipita nyumba ya mwisho huna kivuli wala mtu wa kukuuzia hata dafu. Isitoshe, Agosti kusi bado inavuma, na mchanga unaorushwa na upepo huo huwasha miguuni kama pilipili. Nendeni alfajiri, maji yakiwa yanapwa, mkanyage ule mchanga uliolowa ulio mgumu. Waambie wainame watazame chini pia, si kupiga picha za upeo wa bahari tu: watawaona kaa wadogo wakitoka mashimoni, kila mmoja akizungukwa na vidonge vya mchanga alivyovifinyanga mwenyewe, vidogo kuliko punje za mtama. Maji yakirudi vyote hufutika.

Kuhusu kuogelea sina mzaha. Mbele ya kijiji, kati ya Shela na kisiwa cha Manda, kuna mkondo, na maji yanapotoka huvuta kuelekea bahari kuu kwa nguvu ambayo mtu aliyejifunza kuogelea katika bwawa la hoteli haijui. Waogelee maji yanapojaa au yanaposimama, karibu na ukingo, na mmoja wenu abaki nchi kavu akiwaangalia. Ukiupita kijiji, ufuo unatazama bahari wazi, na wakati wa kusi mawimbi huwa makubwa. Huko wachezeshe miguu tu.

Wakitaka hadithi ya mahali, hiyo nayo ni hadithi ya maji. Katika miaka ya 1810 majeshi ya Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na wenzao wa kisiwa cha Pate yaliteremka Shela ili kuishambulia Lamu, yakashindwa, na wazee wanasimulia kwamba waliokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekwama mchangani kwa sababu maji yalikuwa yamepwa. Baada ya hapo Waamu, yaani watu wa Lamu, waliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Omani, na ngome ile ya mjini mliyokuwa mkicheza uwanjani pake ilikamilika mwaka 1821.

Vilima vya mchanga nyuma ya ufuo vinawavutia sana vijana, nami najua watataka kuteleza kutoka juu. Wapande kidogo, si neno, ila wasiache taka wala wasikojoe huko, na uwaeleze sababu. Mvua ikinyesha, mchanga huo huyanywa maji na kuyachuja, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake chini ya ardhi. Hayo ndiyo maji ya visima tunayoyanywa Shela na mjini. Tukiyachota kupita kiasi, au tukijenga juu ya vilima na kuchimba vyoo, chumvi itapanda na uchafu utashuka. Majumba yanayozidi kusogea kule yananitia hofu kuliko mawimbi.

Takwa, upande wa Manda, wekeni siku yake peke yake. Mji huo uliishi kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha wenyewe wakahama, na wengi wao wakavuka kuja Shela, ndiyo maana watu wa Shela bado huwazuru wazee wao waliozikwa huko. Mashua hupita katika kijito chenye mikoko, na lazima iingie na kutoka maji yakiwa yamejaa. Mkichelewa kwenye magofu mtakaa na mbu mpaka maji yarudi.

Wenzako wa kike waje na leso za kujifunga wanapotoka ufuoni kupita vichochoroni, na wa kiume wavae mashati, maana kule ni majumbani kwa watu na misikiti ni mingi. Wavulana watalala kwa ami yako, wasichana watalala hapa nyumbani. Niandikie tarehe mapema, nimwambie nahodha atutazamie maji ya Takwa, na unijulishe kama kuna asiyekula samaki.

Wasalaam,
Mamako