Pikapu yangu ni nzima, ila wanunuzi wanaangalia mwaka tu

Ndugu Mshauri,

Nina pikapu, Toyota Hilux ya mwaka 1996, injini ya dizeli ya aina iitwayo 3L, gia za mkono. Naiuza mwenyewe, bila yadi wala dalali, na nimekwama. Sijaichoka. Kazi ya kubeba mizigo nimeiacha, na gari la kazi likisimama tu linaharibika: betri inakufa, breki zinashika, sili za mpira zinakauka na oili inaanza kuvuja. Kwa sasa naiwasha mara kwa mara na kuizungusha kidogo, lakini siwezi kuendelea kulea gari lisilo na kazi.

Hali yake ni nzuri, na sisemi hivyo kwa kuwa ni yangu. Oili na filta yake nimekuwa nikibadilisha kila kilomita 5,000. Belti ya taimingi sikuwahi kuipitisha kilomita 100,000, kwa sababu kwenye injini hii belti ikikatika valvu zinagongana na pistoni, na hapo unaweza kujikuta unanunua injini. Rejeta niliiweka mpya wakati ile ya zamani bado inafanya kazi. Fundi wangu alinishangaa, lakini yeyote aliyeishi na hizi injini anajua zikichemka mara moja tu silinda hedi inaweza kupasuka. Yangu hedi haijawahi kufunguliwa. Tatizo ni kwamba kila muuzaji husema hivyo hivyo, kwa hiyo nikisema mimi huwa kama sijasema. Risiti zote zimo kwenye faili, na juu ya kila moja nimeandika gari lilikuwa limefikisha kilomita ngapi siku hiyo.

Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Hiki changu hakijajiuza.

Mtu akipiga simu huuliza kwanza mwaka. Nikitaja 1996 sauti inapoa. Swali la pili ni bei ya mwisho, na gari lenyewe hajaliona! Wachache wanaokuja huleta mafundi wao, na hapo ndipo napopata faraja, maana fundi anayejua kazi haangalii mng'ao. Anashika boneti kwanza kuhakikisha sikuiwasha kabla hajafika, kwa sababu dizeli iliyochoka huonekana ikiwashwa ya baridi. Anafungua kizibo cha oili injini ikiunguruma, aone kama kuna moshi unaosukumwa juu. Analala chini na bisibisi, anagonga chesisi upande wa nyuma pale springi zinaposhikiziwa, ambapo kutu hupenda kujificha. Mmoja aliinuka, akajipangusa magoti, akamwambia bosi wake, "Hili limetunzwa." Bosi akajibu, "Sawa, lakini ni la zamani," kisha akataja theluthi mbili ya bei yangu. Matunzo yote yale kwake hayakufika hata thamani ya tairi moja. Na tairi zenyewe si za zamani. Tarakimu nne zilizopigwa ubavuni, zinazoonyesha wiki na mwaka zilipotengenezwa, nilimwonyesha mwenyewe.

Kuna jambo jingine linalonitatiza zaidi ya bei. Kebo ya mita iliwahi kukatika, na gari likatembea kwa muda bila kilomita kuhesabiwa mpaka nilipopata kebo nyingine. Kwa hiyo namba iliyo kwenye dashibodi ni ndogo kuliko safari halisi. Nimepiga hesabu kutokana na kazi nilizofanya kipindi kile, na makisio hayo nimeyaandika kwenye faili. Kila anayekuja namwambia. Na kila nikimwambia, namwona anabadilika uso kana kwamba nimemtajia ugonjwa.

Shemeji yangu, ambaye amewahi kufanya biashara ya magari, ananicheka. "Nani amekuuliza? Mita hukuirudisha nyuma wewe, imekatika yenyewe. Waache wasome wanachokiona." Nakubali kuwa yeye anajua soko kuliko mimi. Lakini kuna kitu anakipuuza: taa ya belti kwenye dashibodi huwaka kwa kufuata mita hiyo hiyo. Atakayenunua akiamini namba ile na kuisubiri taa iwake, atachelewa kubadilisha belti, na siku itakapokatika sitakuwepo kumweleza habari za kebo. Kwa hiyo kuficha siwezi. Ninachotaka kujua ni wakati gani wa kusema. Kwenye simu, kabla mtu hajaliona gari, naona kama nafukuza wateja kwa mkono wangu. Akishalipenda na kuanza kuhesabu fedha, naogopa ataona nilikuwa namvizia.

Shemeji huyo huyo anataka pia nipige rangi gari zima na nioshe injini kwa presha hadi ing'ae. Bodi ya nyuma ina mikwaruzo ya mizigo, na mlango mmoja rangi imefifia kwa jua. Mimi nina wasiwasi. Nikiona gari la zamani lina rangi mpya, kitu cha kwanza ninachojiuliza ni limefunikwa nini: kutu, au ajali? Na injini iliyooshwa jana haionyeshi inapovuja. Nimefikiria niioshe nje tu, nipige grisi, nibadilishe taa moja ya nyuma iliyopasuka, basi. Labda nakosea hapa kwa ubahili; mama watoto anasema rangi ndiyo inayomfanya mtu asimame, faili la risiti halionekani kutoka barabarani. Ana hoja.

Sasa wamebaki watu wawili. Wa kwanza ni yule bosi wa theluthi mbili. Ana fedha taslimu, na yuko tayari tuhamishe umiliki na kumaliza siku moja. Nina hakika ataiuza tena kwa bei yangu.

Wa pili ni mkulima. Alikuja bila haraka, akasoma faili lote, karatasi kwa karatasi, akauliza maswali ya maana kuhusu pampu ya dizeli, na habari ya mita haikumshtua. Alisema anaitaka hii hasa kwa kuwa ni ya zamani, haina kompyuta, na fundi yeyote wa dizeli anaweza kuitengeneza. Hakushusha bei hata kidogo. Ila hana fedha zote: anataka kulipa nusu, aondoke na gari, na nusu iliyobaki ailipe kidogo kidogo akivuna. Kadi ya gari anasema nibaki nayo mimi mpaka amalize.

Moyo wangu uko kwa huyu, sitaficha. Kichwa ndicho kinachogoma. Kadi ikibaki na jina langu na gari likagonga mtu, nani atatafutwa? Bima niikate mimi au yeye, na je, italipa ikiwa anayeendesha si mwenye jina? Nikihamisha umiliki mapema ili nijitoe kwenye hatari hiyo, nitamdai kwa nguvu gani mavuno yakikataa? Nimemwuliza kama anaweza kukopa nusu hiyo mahali pengine anilipe yote kwa pamoja. Akasema riba itamla. Nimependekeza pia gari libaki kwangu mpaka amalize, akanijibu kwa upole kwamba bila gari hawezi kutoa mazao shambani, na bila kutoa mazao hana cha kunilipa. Sikuwa na jibu.

Naomba unisaidie kwa haya. Je, kuna namna ya kuandika mkataba wa malipo ya awamu, mbele ya wakili na mashahidi, unaonilinda kwa ajali na kwa deni bila kumnyima mkulima gari? Au nimwombe aongeze malipo ya mwanzo, na mimi nipunguze bei kidogo, ili deni liwe dogo la kuvumilika hata lisipolipwa? Na kama wote wawili wakishindikana, nianze upya na tangazo linalotaja mita na faili tangu mstari wa kwanza, au hayo niyaache mpaka mtu afike?

Yule wa fedha taslimu anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Wako,
Msomaji mwenye pikapu