Kimo kwanza, upana baadaye: kuchagua tairi la Land Rover ya zamani

Wateja wengi wanaotuletea Land Rover za miaka ya 1970 katika karakana yetu hapa Nakuru huanza kwa kutuonyesha picha ya gari lenye matairi mapana yaliyochomoza nje ya madigadi, wakiomba lao lifanane na hilo. Hamu hiyo tunaielewa, kwa kuwa nasi tunayapenda magari haya. Hata hivyo, kabla ya kuagiza chochote tunamwuliza mwenye gari hupita njia ipi kila wiki na hubeba nini, kwa maana anayeteremsha viazi kutoka Mau Narok wakati wa masika hahitaji tairi lile lile la anayekwenda Gilgil kwa lami.

Land Rover ndefu ya inchi 109 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) huvaa tairi la 7.50-16, yaani upana wa inchi 7.5 kwenye rimu ya kipenyo cha inchi 16, ambalo kimo chake, kuanzia chini hadi juu, ni milimita 805 hivi. Tairi la kisasa la 235/85R16 linakaribiana nalo kabisa. Hapa 235 ni upana kwa milimita, na 85 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo: asilimia 85 ya 235 ni kama 200, mara mbili (ubavu wa juu na wa chini) ni 400, na ukiongeza milimita 406 za kipenyo cha rimu unapata 806. Lile la 265/75R16 hufika 804. Kwa kimo, basi, yote matatu yanafaa, na spidomita haitadanganya. Shida iko kwenye upana. Tairi la 235 linahitaji rimu yenye upana wa inchi 6 au zaidi, na la 265 linahitaji inchi 7, ilhali rimu nyingi za zamani tunazozipokea zina inchi 5 au 5.5. Tairi pana likibanwa kwenye rimu nyembamba hutuna katikati, likalika hapo kabla ya kingo, na gari huyumba kwenye kona. Isitoshe, kwa matope ya Mau sisi tunapendelea tairi jembamba, kwa sababu hukata tope hadi kwenye udongo mgumu.

Land Rover fupi ya inchi 88 iliyozoea 6.00-16 inahitaji tahadhari zaidi. Ukiivisha 7.50, kimo huongezeka kwa takriban asilimia 10: spidomita ikisoma 80, unakwenda karibu 88. Injini italemewa mlimani, lakini linalotutia wasiwasi hasa ni kuteremka kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa, kwa kuwa gia ile ile hulizuia gari kwa nguvu ndogo kuliko awali, na mzigo wote huangukia breki za kale.

Rimu za Land Cruiser zenye matundu sita hazikai kwenye nati tano za Land Rover, na hatutoboi rimu upya kwa malipo yoyote.

Tairi likishachaguliwa, tunafunga moja tu mbele, tunalipaka chaki ubavuni upande wa ndani, kisha tunazungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Chaki ikifutika, hata kwa upana wa kidole, tairi linagusa springi au chesisi, nasi tunalirudisha. Jaribio hili hufanywa kabla ya kulipa, na tunaomba uje na gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, maana springi za gari tupu huficha mengi.