Jumamosi: padamu na macho

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunapumzisha miguu na kushughulikia abhinaya (uigizaji wa hisia kwa uso na mikono) ya Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya India Kusini: padamu moja (wimbo wa mapenzi) ya Kitelugu, mwendo wa taratibu, mapigo 7 (misra chapu). Njuga msilete.

Kila mmoja achague nayika (mhusika mwanamke anayependa) mmoja kati ya wale 8 wa Natyashastra, kitabu cha kale cha sanaa ya maigizo na ngoma, asiwachanganye. Vasakasajja amejipamba, ametandika kitanda, anamngoja mpenzi kwa furaha. Khandita anafikiwa na mpenzi wake alfajiri, naye mpenzi huyo ana alama za mwanamke mwingine mwilini. Wote wawili wanapenda, ila huyu wa pili ana hasira na anailinda heshima yake, kwa hiyo tabasamu lilelile halimfai.

Kosa kubwa liko machoni. Mpenzi tunamwonyesha kwa shikhara: ngumi, dole gumba juu. Mkono ukitangulia jicho, inabaki ishara tupu. Mtazame kwanza pale aliposimama, juu kidogo ya usawa wa macho yako. Sakhi, mwandani wa nayika, yuko upande wa pili, usawa wa macho. Ukiwahamisha katikati ya mstari, mtazamaji hajui unasema na nani.

Mstari mmoja utaimbwa mara 4, na kila mara tunataka wazo jipya: kutega sikio mlangoni, kugusa shada lililonyauka, kumsihi sakhi, kugeuza uso. Nyusi zitulie, zikipanda kila pigo, hisia hupotea.

Na tafadhali msiyaonee haya mapenzi yenyewe. Balasaraswati, mcheza Bharatanatyam mashuhuri, alishikilia kwamba shringara, yaani hisia ya mapenzi, ndiyo hisia kuu ya ngoma hii.