Nguruwe anayekaribia kuzaa tusimkimbize buchani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wafugaji wenzangu wa Mufindi, Njombe na Mbeya. Mwezi uliopita jirani yangu hapa Mafinga aliuza nguruwe mwenye mimba kwa bei ya kutupa. Mnyama aligoma kula, akawa anahema haraka na kukwaruza sakafu kwa miguu ya mbele. Kipimajoto kikasoma 39.5. Aliyeitwa kumtazama akasema ni homa ya nguruwe, na jioni ileile mnyama akapelekwa buchani. Tumboni walikutwa watoto waliokwisha kukomaa. Iliniuma sana.

Hofu yenyewe naielewa. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na ikiingia kijijini mabanda hubaki matupu. Lakini wenzake bandani walikuwa wazima kabisa. Yule alikuwa anajiandaa kuzaa.

Mimba ya nguruwe ni takriban siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Ikifika ukingoni, projesteroni, homoni inayotunza mimba, hushuka, na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, hupanda. Ndipo, siku moja hivi kabla ya kuzaa, anaanza kukusanya nyasi na kukwaruza, hata kama chini ni saruji tupu. Anatafuta pa kulaza watoto. Uke huwa umevimba na kuwa mwekundu siku kadhaa kabla. Mimi huangalia chuchu: naiminya taratibu, na maziwa yakitoka kwa urahisi, sitoki karibu na banda usiku huo. Joto nalo hupanda kwa nusu digrii hadi digrii moja, na hubaki juu hata anaponyonyesha, kwa kuwa mwili uko kazini kutengeneza maziwa.

Homa yenyewe ina sura nyingine. Joto hupita 40.5, masikio na tumbo huwa mekundu au zambarau, na wengine bandani huanza kuugua na kufa. Hapo usiuze wala usichinje, maana nyama na damu ndivyo vinavyosambaza. Mwite afisa mifugo.

Kuna pia hii sindano ya oksitosini, homoni inayokaza mfuko wa uzazi, inayouzwa madukani bila muuzaji kuuliza lolote. Ukimchoma kabla njia haijafunguka, mfuko wa uzazi unakazana bure, watoto wanakufa ndani, na mfuko unaweza kupasuka. Haifai kabisa kuwa mikononi mwa kila mtu.

Ninaziomba halmashauri zetu ziandike dalili hizi kwenye karatasi moja, ibandikwe kwenye maduka ya dawa za mifugo na ofisi za vijiji. Na kila mfugaji aandike kwa chaki ukutani tarehe aliyopandisha. Jirani yangu hakuwa na tarehe yoyote ya kuhesabia.

Mama mfugaji,
Mafinga, Iringa